Bei ya Siku Moja: Kutoka Nairobi hadi Butiaba kwa Njia za Filamu

Nchi zetu za Afrika Mashariki zinapowaita watengenezaji wa filamu, huwaonyesha picha: twiga mbele ya Kilimanjaro, majahazi ya Unguja, ukungu juu ya Virunga. Nilisafiri kutoka Nairobi hadi ufuko wa Ziwa Albert nikipita sehemu zilizowahi kupigiwa filamu zinazojulikana duniani, na kila nilipofika nilitaka kujua jambo ambalo picha hizo hazisemi: hapa siku moja ya kazi iligharimu nini, na kwa nini iligharimu hivyo? Hoja yangu naiweka wazi mapema ili msomaji aipime njiani. Mandhari humvuta mtayarishaji aje kutazama. Kinachoamua kama atabaki, na kama atamaliza filamu bila kufilisika, ni saa ambazo kikosi chake kitatumia kwenda kazini na kurudi kulala, umeme utakakotoka, na muda ambao kipuri kitachukua kufika pale kifaa kinapoharibika. Anachokinunua kwetu ni siku, na siku za huku zina bei zinazotofautiana sana kati ya bonde moja na jingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme siku ya kupiga picha ni saa 12. Kikosi kikitumia saa moja na nusu barabarani asubuhi na saa moja na nusu jioni, na mkataba ukizihesabu saa hizo kuwa za kazi, robo ya siku imekwisha bila kamera kuwashwa. Katika ratiba ya siku 40, hizo ni siku 10 nzima ambazo mishahara inalipwa, magari na taa zimekodiwa, wapishi wanapika, na hakuna picha hata moja inayopatikana. Kwetu karibu na Ikweta kuna ukali wa ziada. Mwanga wa mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na giza huingia upesi. Hakuna zile jioni ndefu za kiangazi ambazo waongozaji wa Ulaya ya kaskazini huzitumia kufidia asubuhi iliyopotea. Saa 3 zikiliwa na barabara, zimeliwa kwenye mwanga wenyewe.

Wahasibu wa filamu hugawa bajeti kwa mstari. Juu ya mstari huandikwa haki za hadithi, mwandishi, mtayarishaji, mwongozaji na waigizaji wakuu. Chini yake huandikwa watu na vitu vyote vilivyobaki, kuanzia mafundi wa taa hadi maji ya kunywa. Magazeti hupenda kuandika yaliyo juu, hasa malipo ya nyota. Lakini malipo hayo hukubaliwa kabla ya siku ya kwanza na kwa kawaida hayasogei. Yanayosogea ni ya chini, kwa kuwa kila siku iliyochelewa huyarudia yote: vitanda, mafuta, posho, chakula, ukodishaji. Ndiyo maana ni desturi kutenga akiba ya dharura ya kama asilimia 10, na ndiyo maana kampuni zinazodhamini ukamilishaji wa filamu, biashara iliyochipuka London mwaka 1950, hukagua ratiba kwa ukali kabla ya kuweka sahihi.

Nairobi ndipo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu filamu ya Out of Africa, aliyoiongoza Sydney Pollack na iliyotoka mwaka 1985, iligharimu takriban dola milioni 30 na ikatwaa tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Ukipita mtaa wa Karen na kutazama vilima vya Ngong, ni rahisi kuamini kwamba fedha hizo zilinunua vilima. Ukweli ni kwamba vilima vilikuwepo bure. Fedha zilikwenda kwenye vilivyokosekana. Nairobi ya miaka ya 1910 ilikuwa imeshafunikwa na jiji, hivyo mitaa yake ikajengwa upya kama jukwaa. Simba waliofunzwa waliletwa kutoka California. Hata treni, ambayo ndiyo iliyoizaa Nairobi, ilikuwa tatizo: hapakuwa na garimoshi la mvuke linalofanya kazi nchini, basi injini ya dizeli ikafichwa ndani ya behewa la mizigo ili isukume msafara kwa nyuma, na moshi ukatengenezwa na mafundi. Nchi ilitoa anga na nyasi. Kila kilichohitaji karakana, mkufunzi au kumbukumbu iliyotunzwa kililazimika kuletwa au kubuniwa, na hapo ndipo bili ilipopanda.

Kutoka Nairobi nilishika reli mpya ya kwenda Mombasa, inayovuka Tsavo. Hapo ndipo mwaka 1898 simba wawili waliwaua vibarua wa reli ya Uganda hadi ujenzi wa daraja ukasimama. Hadithi hiyo ilifanywa filamu mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, ikiwa na Michael Douglas na Val Kilmer. Mtu akitazama nyika hii nyekundu kupitia dirisha la treni atadhani anaitambua kutoka kwenye sinema. Anakosea, kwa sababu filamu ilipigwa kwa sehemu kubwa katika hifadhi ya Songimvelo, Afrika Kusini, na sababu inayotajwa ni sheria za kodi. Yako mengine ya namna hiyo. Hotel Rwanda ya mwaka 2004 ilipigwa zaidi Johannesburg kuliko Kigali.

Hapa pana pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu, na linastahili kujibiwa kikamilifu. Watasema: kumbe kodi ndiyo inayoamua, wala si barabara wala vitanda, Kenya ikipunguza kodi na kurudisha sehemu ya matumizi kama wenzetu wanavyofanya, simba wa Tsavo watarudi Tsavo. Nakubali nusu ya maneno hayo. Marejesho ya fedha ni nguvu halisi, na nchi isiyokuwa nayo huanza mashindano ikiwa nyuma. Lakini tuangalie marejesho yanavyofanya kazi. Hulipwa baada ya fedha kutumika na hesabu kukaguliwa, pengine miezi mingi baadaye. Dereva wa lori anataka mafuta leo. Mtayarishaji hulazimika kukopa benki kwa kuweka rehani ahadi ya serikali, na riba ya mkopo huo hupunguza faida ya ahadi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watengenezaji wa filamu wa Afrika Kusini kwenyewe waliandamana wakidai marejesho yaliyocheleweshwa. Nchi ile haikujenga sifa yake kwa kodi peke yake. Ina studio, mafundi wengi wenye uzoefu, vifaa vya kukodi vilivyo karibu na barabara zinazopitika. Marejesho yaliongezwa juu ya msingi uliokuwepo. Sisi tukiyaweka juu ya tope, tutakuwa tumemlipa mgeni asilimia fulani ya hasara ambayo tope lile lile limemsababishia.

Tena wako walioweza kwenda Afrika Kusini wakakataa. The First Grader, hadithi ya mzee Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, ingeweza kupigwa huko. Mwongozaji Justin Chadwick alishikilia ipigwe Kenya, katika Bonde la Ufa, pamoja na watoto wa shule ya hapo hapo. Mfano huu naupenda kwa sababu unaonyesha kwamba mtayarishaji anayejua kuhesabu huweza kuchagua penye gharama, mradi awe amepanga filamu inayokaa mahali pamoja. Shule moja, kijiji kimoja, watoto ambao hawahitaji nauli. Gharama ya kubaki Kenya ilipunguzwa na umbo la hadithi yenyewe.

Safari ya kaskazini ndiyo iliyonipa ushahidi mzito kuliko mwingine wote. Loiyangalani, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana, ipo zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi. Fernando Meirelles alipiga hapo sehemu ya The Constant Gardener, filamu iliyotoka mwaka 2005 kutokana na riwaya ya John le Carré. Siku hizi unakwenda kwa lami kutoka Isiolo hadi Laisamis, kisha unageuka magharibi kwenye barabara ya zaidi ya kilomita 200 iliyoboreshwa hadi kwenye mashamba ya upepo, yenye mitambo 365. Barabara hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya filamu wala kwa ajili ya wakazi wa Loiyangalani. Ilitengenezwa ili vipande vya mitambo vilivyoshushwa bandarini Mombasa vifike vikiwa vizima. Kikosi cha Meirelles kilikuja kabla ya yote hayo, wakati lami ya kwenda Marsabit na Moyale ilikuwa bado. Ukipita leo ukalinganisha, unaona kitu ambacho hakimo katika kipeperushi chochote: mandhari haijabadilika hata kidogo, jiwe ni lile lile jeusi na ziwa ni lile lile la kijani, ila bei ya kuyapiga picha imebadilika kwa sababu ya mradi wa umeme usiohusiana na sinema.

Fikiria orodha ya vitu ambavyo kikosi chochote kinapaswa kupeleka mahali kama hapo: jenereta na dizeli yake, jenereta ya akiba kwa sababu ya kwanza itasimama, mahema, jiko, barafu, maji salama, daktari, gari la kubebea wagonjwa, redio za mawasiliano, vipuri vya kamera, mafundi wa magari. Uwanja mdogo wa ndege unasaidia kwa watu na vifaa vyepesi, lakini lori la taa haliingii kwenye ndege ndogo. Kisha kuna upepo. Upepo unaozungusha mitambo 365 ndio unaovuma kwenye maikrofoni, na mazungumzo yasiyosikika sawasawa hurekodiwa upya studio, waigizaji wakiitwa tena na kulipwa tena. Gharama iliyozaliwa Turkana hudaiwa miezi kadhaa baadaye katika jiji jingine, kwenye ukurasa mwingine wa bajeti, na wengi hawakumbuki ilianzia wapi.

Watasema pia kwamba ugumu una thamani yake, kwamba filamu ile ilipata ukweli wake kwa sababu watu walikwenda kweli Loiyangalani na mtaa wa Kibera, Nairobi, na Rachel Weisz akapata Oscar. Sibishi. Kwa maoni yangu hakuna studio ambayo ingetoa ukavu ule wala ile misongamano ya Kibera. Lakini hoja hiyo inaunga mkono yangu. Meirelles na mpigapicha wake César Charlone walifanya kazi kwa kamera nyepesi, wakipita katikati ya watu bila kufunga mitaa. Walipunguza uzito ili wamudu umbali. Fedha zilizoepushwa upande mmoja zilinunua siku upande wa pili. Na watayarishaji walianzisha mfuko wa hisani kwa ajili ya elimu na huduma katika sehemu walizopigia filamu. Wapo wanaouona mfuko huo kuwa sadaka nzuri tu. Mimi nauona pia kuwa sehemu ya uchukuzi: mahali ambapo watu wamepata kitu, kazi huendelea kwa amani, na kikosi kijacho hukuta mlango wazi. Mtayarishaji anayekuja Kibera na bajeti ya walinzi bila bajeti ya majirani amekosea hesabu, na atalipa kosa hilo kwa siku zilizopotea.

Kampala inanipa pingamizi la mwisho lenye uzito. Watu husema: hayo yote ni mambo ya Wazungu wenye mamilioni; kamera za kidijitali zimefuta gharama, kijana mwenye simu anaweza kutengeneza filamu. Ushahidi wao mkubwa uko Wakaliga, mtaa wa hapo hapo Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ya mwaka 2010 ambayo bajeti yake hutajwa kuwa chini ya dola 200. Imetazamwa na watu wengi sana duniani. Kompyuta aliiunganisha mwenyewe, bunduki za maigizo zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, waigizaji walikuwa majirani waliojitolea. Naiheshimu sana kazi hiyo, na nimefikiri kwa muda mrefu ni kitu gani hasa kilichoifanya iwe rahisi. Kamera ilichangia, bila shaka. Lakini ramani ilichangia zaidi: nyumba ya mwongozaji, karakana, chumba cha kuhariri na uwanja wa mapigano vyote vipo ndani ya umbali wa kutembea. Hakuna lori, hakuna hoteli, hakuna saa 3 za barabarani. Chukua kamera hiyo hiyo uipeleke Loiyangalani na watu hao hao, na dola 200 hazitafika Isiolo. Filamu nyingi za Bongo, Tanzania, na za River Road, Nairobi, zinazopigwa kwa siku chache ndani ya nyumba mbili au tatu, hufuata hesabu hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyeiandika.

Gharama ambayo kamera ya kidijitali haikuifuta ni ya watu. Kujitolea kwa majirani kuna mwisho, na mwigizaji asiyelipwa hulipwa na familia yake, inayomlisha akiwa kazini. Ningependa kuona sekta inayowalipa. Queen of Katwe, ambayo Mira Nair aliitengenezea Disney mwaka 2016, ilipigwa Katwe kwenyewe, mtaa wa Kampala, na pia Johannesburg. Vumbi la Katwe lilipigwa Katwe, na mengine Johannesburg. Mgawanyo wa namna hiyo una akili, na Nair aliweza kuufanya kwa sababu alikuwa ameishi Kampala miaka mingi na tangu 2004 alikuwa ameanzisha Maisha, mpango unaofundisha watengenezaji wa filamu wa eneo letu. Nairobi nako, mafunzo ya One Fine Day yalizaa Soul Boy mwaka 2010 na Nairobi Half Life mwaka 2012. Kila fundi wa sauti aliyefunzwa Kampala au Nairobi ni tiketi ya ndege, kitanda cha hoteli na kibali cha kazi ambavyo bajeti ijayo haitavihitaji. Tukizungumza juu ya mafunzo kama utamaduni tu, mawaziri wa fedha hufunga masikio. Ni miundombinu, sawa na lami.

Kutoka Kampala barabara huenda Masindi au Hoima, kisha hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert. John Huston alifika hapa mwaka 1951 na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga sehemu ya The African Queen, baada ya kambi ya Biondo huko Kongo, karibu na mto Ruiki. Hadithi yenyewe ni ya Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza. Taabu zao zimeandikwa sana: siafu kambini, magonjwa ya tumbo, mashua iliyozama usiku ikabidi iopolewe. Kinachozungumzwa kidogo ni uzito wa kazi. Kamera ya Technicolor ya wakati huo ilitumia mikanda mitatu kwa mpigo na ilihitaji mwanga mwingi. Ikawabidi waunganishe matishari kwenye mto, moja likibeba mfano wa mashua, jingine kamera na taa, jingine jenereta, yote yakivutwa pamoja kwenye kona za mto mwembamba. Filamu iliyopigwa ilisafirishwa London kusafishwa, kwa hiyo kosa la leo lingejulikana baada ya muda mrefu. Na pale mto ulipokuwa hatari kupita kiasi kwa afya, Bogart hakuingizwa majini Afrika: maonyesho ya kuvuta mashua kwenye matete yalipigwa kwenye tangi studioni Isleworth, London.

Kwa nini Butiaba, basi, mahali palipo mbali hivyo? Kwa sababu mwaka 1951 hapakuwa mbali kwa namna tunavyodhani. Butiaba ilikuwa bandari ya shirika la reli, yenye meli za abiria zilizounganisha Uganda na Kongo, na kikosi kiliweza kulala kwenye meli. Huston alifuata mahali ambapo vitanda vilielea tayari. Bandari hiyo ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji ya ziwa yalipopanda na meli ya Robert Coryndon ikazama. Kwa miaka mingi Butiaba ikawa mbali kweli. Sasa mafuta yaliyogunduliwa bondeni yameleta lami kutoka Hoima kupitia Butiaba hadi Wanseko, na umbali umepungua tena, kwa mara nyingine bila mtu yeyote wa sinema kuulizwa.

Kwa hiyo ninachowataka Tume ya Filamu ya Kenya, Bodi ya Filamu Tanzania na wenzao wa Uganda ni kitu kinachoweza kuchapishwa kwa gharama ndogo: chini ya kila picha ya mandhari, waandike saa za kufika kutoka kwenye vitanda 80 vilivyo karibu, umbali wa nguzo ya umeme, hospitali yenye chumba cha upasuaji, urefu wa uwanja wa ndege, miezi ambayo lori halipiti, na majina ya mafundi waliopo wilayani. Ukurasa wa Butiaba ungesema kwamba lami inafika ziwani, bandari haipo, na vitanda vingi viko juu ya ukingo, Hoima na Masindi. Mtayarishaji aliyeusoma angejua akiwa bado mezani kwake kama alete mahema, akodi mashua ya kulala, au amwombe mwandishi ayakusanye maonyesho yote ya ziwani yawe ya wiki moja.